Shingo imevimba, mugongo unauma: kanseri ya tiroidi inapita njia gani?

Jioni papa anarudi kutoka karieri. Anakaa polepole, mkono mmoja kiunoni. Mama wa nyumba anamuuliza: « Papa, ni mugongo tena? » Anajibu: « Ni mifuko ile. Nitalala, itaisha. » Asubuhi haijaisha. Ananunua vidonge kwa muuza-dawa wa kona, anapakwa pomada, kazi inaendelea.

Ndugu wasomaji, mazungumzo ya namna hii iko mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi. Mara nyingi papa anasema kweli. Kazi ya kuinama, kuchimba na kubeba inavunja mugongo wa mtu. Lakini iko wagonjwa wachache ambao maumivu yao hayakuanza mgongoni. Yalianza shingoni, mu uvimbe mdogo usiouma, ambao jamaa yote ilikuwa imezoea kuuona.

Leo siye tunataka kueleza ugonjwa huo, kanseri ya tezi ya tiroidi, na zaidi sana namna inavyotembea mu mwili. Sababu ni hii: mu nyumba ya mchimba-madini kila ugonjwa uko na maelezo yake tayari. Mugongo ukiuma, ni kazi. Mtu akikohoa, ni vumbi. Shingo ikivimba, ni rovu ya kwetu, hata bibi alikuwa nayo. Maelezo matatu kwa magonjwa matatu. Kumbe siku nyingine ugonjwa ni mmoja tu.

Tezi ndogo ya shingoni

Tiroidi ni tezi iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya lile donge la koo linaloonekana sana kwa wanaume. Umbo lake ni sawa kipepeo mwenye mabawa mawili. Ni nyepesi: kwa mtu mkubwa uzito wake ni karibu gramu 20 tu. Lakini homoni zake zinaamuru mwendo wa moyo, joto la mwili, kukomaa kwa mutoto na akili yake.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi inahitaji iyode. Inaivuta kutoka damu, sawa vile mchimbaji anachambua madini na kuacha udongo. Iyode nyingi iko baharini. Siye tunakaa mbali na bahari, na udongo wa milima yetu hauna iyode ya kutosha. Tezi ikikosa iyode inajikaza, inakua, inajaribu kukamata hata ile kidogo inayopita. Ni vile rovu inazaliwa, ile ambayo Wafaransa wanaita goitre.

Kivu inajua jambo hili vizuri. Kisiwa cha Idjwi, mu ziwa Kivu, kilijulikana hata ng'ambo juu ya rovu zake. Mu miaka ya 1960 wanganga wa Ubelgiji, kati yao François Delange na André-Marie Ermans, walifanya uchunguzi pale. Waliona kwamba kaskazini ya kisiwa rovu ni nyingi sana, lakini kusini-magharibi ni chache, hata kama iyode ilikosa pande zote mbili. Tofauti moja ilikuwa mu chakula: muhogo. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaacha mu mwili kitu kinachozuia tezi isikamate iyode. Mama zetu wanaoloweka muhogo siku tatu au ine wanafanya kazi ya afya bila kuambiwa na mutu.

Tangu chumvi yenye iyode ilipoenea mu Kongo, miaka ya 1990, rovu mpya zimepungua sana. Lakini rovu za zamani ziko bado mu shingo za wazee wetu, Kamituga kwenye dhahabu na Rubaya kwenye koltani, na hata kwa jamaa zilizohamia Katanga kutafuta kazi.

Tuseme wazi, mutu asiogope bure: rovu haiko kanseri. Kati ya vinundu 100 vya tiroidi ambavyo wanganga wanachunguza, karibu 5 mpaka 10 ndivyo kanseri. Vingine vyote ni uvimbe wa kawaida. Shida ni kwamba kwa macho na kwa vidole huwezi kujua kila mara kipi ni kipi.

Njia ya kwanza: kusukuma jirani

Kanseri inaanza na seli moja, yaani chembe moja ndogo sana ya mwili, iliyopoteza utii. Inajigawa mara mbili, mara ine, mara nane, haisikii tena amri ya kusimama. Donge linakua ndani ya tezi, na siku moja linapasua ukuta wake na kuingia kwa jirani.

Shingo ni nyumba ndogo yenye wapangaji wengi. Nyuma ya tiroidi iko bomba la hewa, na nyuma ya bomba la hewa iko njia ya chakula. Pembeni kabisa unapita mshipa wa fahamu unaotikisa nyuzi za sauti. Kanseri ikigusa mshipa huo, sauti inakuwa nzito, inakwaruza. Watu wanasema: « Amelala na baridi » ao « Ni vumbi ya kazi. » Sauti ikibaki vile wiki tatu bila kurudi, haiko tena baridi. Kanseri ikisukuma njia ya chakula, tonge ya bukari inakwama. Ikisukuma bomba la hewa, mutu anapumua na mlio, zaidi usiku akilala chali.

Iko aina moja, wanganga wanaiita anaplastiki, ambayo inapita sana njia hii. Ni ya nadra, inashika zaidi wazee, na mara nyingi inatokea mu rovu iliyokaa miaka mingi bila shida. Rovu ya zamani inaanza ghafula kukua, wiki kwa wiki, inakuwa ngumu sawa jiwe. Hapo haiko saa ya kungoja mshahara wa mwezi ujao. Ni kukimbia hospitali siku ile ile.

Njia ya pili: tezi ndogo za pembeni

Mwili uko na mifereji yake, sawa ile ya kutoa maji mu karieri. Maji meupe yanayobaki kati ya nyama yanakusanywa na mishipa myembamba, yanapita mu vituo vidogo, kisha yanarudishwa mu damu. Vituo hivyo ni tezi ndogo ambazo wengi tunaziita gangliyo. Ukiumia mguu, gangliyo ya kinena inavimba: ni kituo kinakamata uchafu.

Seli za kanseri ya tiroidi zikiingia mu mfereji huo, zinakamatwa mu gangliyo za shingo. Zingine zinakufa pale. Zingine zinajenga. Ni vile inafanya aina inayoitwa papilari, ambayo mu dunia nzima ndiyo inayoonekana zaidi: karibu kanseri 8 kati ya 10 za tiroidi. Siku nyingine tezi yenyewe haionekani kuvimba hata kidogo, ila kijana ana donge moja pembeni ya shingo ambalo haliumi wala haliishi. Wanamutibu TB ya gangliyo, kwa sababu TB iko kweli mingi kwetu. Lakini kama donge halikupimwa na dawa za TB hazibadilishi kitu, inafaa munganga aangalie tena tiroidi.

Habari nzuri: aina hii inatembea polepole, na hata ikiisha kufika mu gangliyo, wagonjwa wengi wanapona kama wanapasuliwa vizuri.

Iko pia aina ya medulari, inayoingia gangliyo mapema na kuweza kufika mu maini, mapafu na mifupa. Karibu moja kati ya ine ya kanseri hizo ni ya kurithi. Kwa hiyo munganga akiuliza: « Kwenu kuna mutu alikufa na uvimbe wa shingo? », haiko kutafuta ndoki mu jamaa. Anatafuta kujua kama watoto nao wapimwe.

Njia ya tatu: barabara ya damu

Njia hii ndiyo inatuhusu zaidi, juu ya ule mugongo tulioanza nao.

Aina inayoitwa folikulari haipendi sana mifereji ya gangliyo. Inapasua ukuta wa mishipa ya damu na kuingia ndani. Na ndiyo aina ambayo sehemu yake inaongezeka mu nchi zilizokosa iyode, yaani nchi za rovu kama zetu.

Tuchukue mfano wa lori. Lori inayotoka Kolwezi na madini inapita Likasi, inapita Lubumbashi, inafika Kasumbalesa. Haichagui: barabara ndiyo inaipeleka, na mpakani lazima isimame. Seli ya kanseri ikiingia mu damu ya shingo, damu inaipeleka moyoni, na moyo unaisukuma mu mapafu. Mapafu ndiyo mpaka wa kwanza: mishipa yake ni myembamba sana, na seli inakwama pale. Nyingi zinakufa. Chache zinashika, na vijinundu vidogo vinaanza. Mara nyingi mutu hasikii kitu. Akikohoa, picha ya radio inaonyesha madoa, na wote wanafikiri vumbi ao TB.

Seli zingine zinavuka mapafu na kufika mu mifupa, zaidi ile yenye damu nyingi ndani: uti wa mgongo, mbavu, nyonga, fuvu la kichwa, mfupa wa paja. Pale zinaudanganya mwili uanze kula mfupa wenyewe. Kila siku mwili unabomoa mfupa kidogo na kuujenga upya. Kanseri inaharakisha wale wanaobomoa. Mfupa unabaki tundu, sawa galeri iliyotolewa mbao za kushikilia. Siku moja papa ananyanyua ndoo tu, na mfupa unavunjika. Ao uti wa mgongo unabomoka na kubana fahamu: miguu inalegea, mkojo unakataa kutoka ao unatoka wenyewe. Hiyo ni hatari ya saa, haiko ya siku. Mutu wa namna hiyo apelekwe usiku huo huo.

Jambo moja watu wengi hawalijui: kanseri ya tiroidi ikifika mu mfupa, haigeuki kanseri ya mfupa. Inabaki tiroidi, sawa lori ya Kolwezi inayobaki na karatasi zake za Kolwezi hata ikifika Kasumbalesa. Dawa yake ni ile ya kanseri ya tiroidi. Lazima kujua ilipotoka.

Mgonjwa mmoja wa New York

Dunia ilijifunza jambo hili kwa njia ya ajabu. Kabla ya 1946, mu hospitali ya Montefiore, New York, munganga Samuel Seidlin alikuwa anatibu mwanaume aliyetolewa tiroidi miaka mingi mbele. Mutu asiye na tiroidi angepaswa kuwa mlegevu na kusikia baridi. Huyu alikuwa kinyume: anakonda, moyo unakimbia, sawa mutu mwenye tiroidi inayofanya kazi kupita kiasi. Tiroidi gani? Ile ya kanseri iliyohamia mu mifupa. Vipande vile viliendelea kukamata iyode na kutengeneza homoni, mbali na shingo.

Seidlin alimpa iyode yenye mionzi. Vipande viliivuta kwa tamaa yao ya siku zote, na mionzi ikaviunguza kutoka ndani. Habari hiyo ilichapishwa 1946, na mpaka leo ni moja ya dawa za kanseri ya papilari na ya folikulari: kwanza kupasua na kutoa tezi, halafu, kwa wanaohitaji, kunywa iyode yenye mionzi. Haishindi kila mara. Madoa madogo ya mapafu yanasikia dawa hii vizuri kuliko mashimo makubwa ya mifupa, na kanseri ya medulari ao ya anaplastiki haivuti iyode. Inahitaji pia idara maalum ambayo hospitali nyingi hazina, na safari yake ni ya bei. Ni sababu moja zaidi ya kuikamata ingali shingoni, wakati upasuaji peke yake unaweza kutosha.

Na uranium ya Shinkolobwe?

Mu Likasi swali hili haliwezi kukosa. Shinkolobwe ilitoa sehemu kubwa ya uranium ya bomu la Hiroshima, mwaka 1945, na watu wanauliza kama mionzi ya udongo wetu ndiyo inaleta kanseri ya shingo.

Tujibu kwa haki. Ni kweli mionzi inaweza kuleta kanseri ya tiroidi, zaidi kwa watoto. Baada ya ajali ya Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, watoto wengi wa Ukraine, Belarus na Urusi waliugua hivyo. Lakini kilichowaumiza ni iyode 131, inayozaliwa ndani ya mtambo wa nyuklia, ikaanguka juu ya majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi zao zikaivuta sawa iyode ya kawaida. Udongo wa mgodi wa uranium hautoi iyode ile. Hatari yake kubwa iko kwingine: hewa ya radoni inayoingia mapafuni mu mashimo yasiyopitisha upepo, na vumbi la uranium linaloharibu figo. Kwa hiyo, ndugu ba-creuseurs, mujikinge na udongo wa Shinkolobwe juu ya mapafu na figo. Lakini musisubiri Shinkolobwe ndipo muangalie shingo. Kanseri hii inashika hata mama aliyekaa sokoni maisha yake yote. Tena wanawake inawashika karibu mara tatu kuliko wanaume.

Mu nyumba tufanye nini?

Chukua kioo na kopo ya maji. Inua kidevu, tia maji mdomoni, umeze huku unaangalia chini ya donge la koo. Uvimbe unaopanda pamoja na kumeza unatoka mu tiroidi. Halafu pitisha vidole pembeni ya shingo, chini ya masikio mpaka mabegani, kutafuta gangliyo.

Uende kwa munganga bila kukawia kama uvimbe unakua haraka, ni mgumu, hautembei. Kama sauti imebadilika wiki tatu. Kama kumeza ao kupumua kunasumbua. Kama uvimbe uko kwa mutoto. Kama kwenu mwingine aliugua. Na mwenye rovu ao kovu la upasuaji wa shingo, akiwa na maumivu ya mfupa yasiyopoa hata akipumzika, yanayomwamsha usiku, aseme yote mawili siku moja. Munganga anayeambiwa mugongo tu ataangalia mugongo tu.

Uchunguzi unaanza na vitu vya kawaida: kugusa, kupima damu, ekografi, kisha sindano nyembamba inayotoa seli kidogo. Sindano haitawanyi kanseri, usikatae juu ya uvumi huo. Wembe wa kienyeji na dawa za kuunguza shingo, hizo ndizo tuziogope: zinaleta vidonda na damu, na kanseri inaendelea safari yake chini ya kovu.

Jambo la mwisho ni la pesa, na tunaomba mulishike. Kwa kanseri ya folikulari, sindano haiwezi kusema ndiyo ao hapana. Seli zake zinafanana sana na za uvimbe mwema. Ushahidi uko mu ukuta: kama seli zimepasua ganda la kinundu ao zimeingia mishipa ya damu. Ukuta huo unaonekana tu kama donge lililotolewa linakatwa vipande na kuangaliwa kwa mikroskopi. Jamaa nyingi zinajikaza kulipa upasuaji wa rovu, halafu zikisikia bei ya laboratware zinasema: « Si wamekwisha kuitoa? » Imetoka, ndiyo. Lakini bila majibu hayo hakuna anayejua kama lori lilikwisha kuondoka. Kabla ya kupasuliwa, ulizeni: kipande kitapelekwa laboratware gani, na majibu siku gani? Karatasi ile muitunze sawa hati ya kiwanja. Miaka kumi baadaye, mugongo ukiuma, ndiyo itamwonyesha munganga njia.

Aliyetolewa tezi yote atakunywa kidonge cha homoni kila siku, maisha yake yote. Asiache kwa sababu anajisikia vizuri: anajisikia vizuri juu ya kidonge.

Turudi kwa papa yetu na mugongo wake. Kesho akienda dispansere, mama amsindikize. Munganga akimwambia avue shati ili apime mugongo, mama aseme neno moja tu: « Munganga, shingo yake nayo, uiangalie. »